Makala ya Nansio Yapelekwe Jarida Gani?

Toleo la kwanza kabisa la Tanganyika Notes and Records, la mwaka 1936, lilibeba makala kuhusu kilimo cha Wakara wa kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe. Waandishi wake, Thornton na Rounce, walieleza jinsi watu waliobanana kwenye kisiwa kidogo walivyofuga ng'ombe zizini na kurutubisha mashamba yao kwa samadi. Jarida lile halikuwa na tovuti wala alama ya ubora kutoka taasisi yoyote ya ng'ambo. Lilikuwa na mhariri aliyesoma alicholetewa, wasomaji waliojishughulisha na mambo ya Tanganyika, na maktaba zilizolitunza. Ndiyo maana hata leo anayetaka kuandika juu ya ardhi ya Ukara hana budi kupitia huko.

Mtafiti wa siasa anayetoka Nansio, mji wa Ukerewe, leo ana tatizo jingine: majarida ni mengi mno. Tumchukue aliyemaliza shahada ya uzamili, tasnifu yake ikiwa juu ya uchaguzi wa Ukerewe. Ana swali zuri mkononi. Jimbo lililowakilishwa na Gertrude Mongella wa CCM, rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, lilimchagua mbunge wa CHADEMA mwaka 2010, likamchagua mwingine wa chama hichohicho mwaka 2015, na mwaka 2018 mbunge huyo akahamia CCM. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Nini kiliwasukuma wapigakura wa visiwani kwenda upinzani, na imani yao kwa serikali ilipita wapi baada ya hapo? Jambo hilo linastahili kusomwa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko.

Tasnifu ikishawekwa kwenye hazina ya chuo, mialiko huanza kumiminika kwenye barua pepe. Inamwita profesa mtu ambaye bado anatafuta nafasi ya mhadhiri msaidizi. Inasifu makala yake bila kutaja hata neno moja lililomo. Inaahidi majibu ndani ya siku tatu na kuchapishwa ndani ya wiki, alimradi ada ilipwe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jarida lenye heshima hupokea makala nyingi kuliko nafasi lilizonazo, kwa hiyo halina haja ya kumbembeleza mtu lisiyemfahamu.

Lakini kuwakwepa matapeli ni sehemu ndogo ya kazi. Wengi tunaowafundisha vijana tunaishia hapohapo: tunawapa orodha ya dalili za jarida bovu, tunawatakia kheri. Swali kubwa zaidi ni lile la jarida zuri, na tena zuri kwa makala ipi. Msimamo wangu ni kwamba hadhi ya jarida hukaa kwa watu wanaolisoma, wanaolihoji na wanaojibizana ndani yake. Vipimo vingine vyote hufuata nyuma ya hilo, na mara nyingine hupotea njia.

Kwa hiyo pa kuanzia ni ukurasa wa marejeo wa makala yenyewe. Anayeandika juu ya siasa za Ukerewe atakuwa amesoma kitabu cha Andrew Maguire cha mwaka 1969 kuhusu harakati za uhuru Usukumani, na kile cha James Finucane cha mwaka 1974 kuhusu urasimu na maendeleo vijijini katika Mkoa wa Mwanza. Atakuwa amesoma pia makala za miaka ya karibuni kuhusu wanasiasa wanaohama vyama. Makala hizo zilitoka wapi? Kama marejeo kumi muhimu yanaangukia majarida mawili au matatu, hapo ndipo mjadala ulipo, na huko ndiko makala inakotakiwa kubisha hodi. Kama hakuna hata moja lililotoka katika jarida analotaka kupeleka, ama amekosea jarida au bado hajasoma vya kutosha. Mtu anayeandika juu ya vikundi vya usimamizi wa mialo, vile vinavyoitwa BMU, atajikuta katika mjadala wa utawala wa rasilimali. Anayeandika juu ya wabunge waliohama atajikuta katika mjadala wa vyama tawala na demokrasia. Kisiwa ni kimoja ila wasomaji ni tofauti.

Kwa Mtanzania, mjadala huo una historia nyumbani, na inasikitisha kuona jinsi inavyosahaulika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, mzaliwa wa Ukerewe. Mwaka huohuo wanafunzi wa chuo hicho walikuwa na jarida lao, Cheche, lililotoa andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, kisha likapigwa marufuku. Mwaka 1971 likazaliwa The African Review, jarida la siasa, maendeleo na mambo ya kimataifa, chini ya idara ya sayansi ya siasa. Mwaka 1973 chama cha wanasayansi wa siasa wa Afrika, AAPS, kilianzishwa Dar es Salaam. Hata Journal of Modern African Studies, ambalo sasa huhesabiwa miongoni mwa majarida makubwa ya Cambridge, lilianzishwa mwaka 1963 na David Kimble na mkewe Helen wakati Kimble akifanya kazi Dar es Salaam. Watu walioandika huko hawakujiona wako pembezoni mwa taaluma.

Miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka, majarida mengi ya vyuo vikuu vya Afrika yalichelewa kutoka au yalisimama kabisa, na jina baya la kuchelewa limeyaganda hadi leo hata pale ambapo hali imebadilika. The African Review limeendelea, na tangu mwaka 2020 linachapishwa kwa ushirikiano na Brill ya Leiden, Uholanzi. Taasisi ya utafiti ya CODESRIA ya Dakar hutoa Africa Development, na ile ya OSSREA ya Addis Ababa hutoa Eastern Africa Social Science Research Review. Kwa makala ya Ukerewe inayoeleza kwa kina jambo ambalo wasomi wa Afrika Mashariki watalitumia, ningeanzia kwenye kundi hili bila kuona haya. Mpitiaji wake ana uwezekano mkubwa wa kujua diwani ni nani, mkurugenzi wa halmashauri anateuliwaje, na kwa nini hilo lina uzito. Mwandishi hatapoteza kurasa tatu kueleza mambo yanayojulikana.

Upande wa pili yapo African Affairs ya Royal African Society, lililoanza mwaka 1901, Journal of Eastern African Studies la taasisi ya Waingereza iliyoko Nairobi, lililoanza mwaka 2007, na Review of African Political Economy, lililoanza mwaka 1974. Yana wasomaji wengi na uhariri mkali. Milango yake ni mizito vilevile. Mwaka 2016 Ryan Briggs na Scott Weathers walichapisha ndani ya African Affairs uchunguzi kuhusu jarida hilo na Journal of Modern African Studies, kwa miaka ya 1993 hadi 2013. Waligundua kwamba sehemu ya makala zilizoandikwa na watu walioko Afrika ilikuwa ikipungua, ingawa makala walizotuma hazikupungua. Naliheshimu jarida kwa kukubali kuchapisha habari isiyolipendezesha. Hata hivyo habari yenyewe ni nzito, na mwandishi wa Nansio anastahili kuijua kabla ya kutuma, ili jibu la kukataliwa lisimfanye adhani hafai.

Majibu ya kuvunja moyo huja kwa namna mbili. Mara nyingi mhariri huikataa makala kabla haijafika kwa wapitiaji, na sababu huwa moja: makala imesimulia Ukerewe lakini haikusema inaongeza nini kwenye mjadala. Tasnifu haiwi makala kwa kukatwa sura mbili. Makala ya aina hii huwa na maneno kati ya 8,000 na 10,000, na hubeba hoja moja tu. Ikivuka hapo hupelekwa kwa wapitiaji wawili au watatu wasiojua jina la mwandishi, na kazi hiyo huchukua miezi. Barua ya kumtaka arekebishe na kutuma tena huwavunja moyo wengi, nao huikunja wakaiacha. Hilo ni kosa kubwa. Barua hiyo ni mlango uliofunguliwa nusu, na maoni yaliyomo ni elimu ya bure kutoka kwa watu ambao hangeweza kuwafikia kwa njia nyingine.

Wakati akisubiri, hatakiwi kuipeleka makala hiyo kwingine. Kwa hiyo kuchagua jarida ni kuchagua pia mahali pa kuweka nusu mwaka wa maisha yake ya kitaaluma, pengine zaidi.

Sasa turudi kwa matapeli, maana nao wamebadilika. Kwa miaka kadhaa wasomi wengi walitegemea orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, hadi alipoiondoa mtandaoni Januari 2017. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS na wenzake walipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu uhariri na ada. Kabla ya hapo, mwaka 2013, mwandishi wa habari John Bohannon alituma makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani kwa majarida 304, akitumia majina ya kubuni ya watafiti wa Kiafrika na vyuo visivyokuwapo, kimoja kikidaiwa kuwa Asmara. Majarida 157 yaliikubali. Jaribio lile lilifichua uozo, ila linaniuma pia, kwa sababu jina la mtafiti wa Kiafrika lilifanywa chambo.

Baadhi ya majarida yaliyonaswa yalikuwa kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003. DOAJ ikayataka yaombe upya, na mwaka 2016 ikayaondoa zaidi ya 3,000. Ndiyo kusema orodha husaidia, lakini orodha haisomi kwa niaba ya mtu. Hata jina kubwa la mchapishaji halitoshi: mwaka 2023 kampuni ya Wiley ilizifuta makala zaidi ya 8,000 za majarida ya Hindawi iliyokuwa imeinunua, kisha ikaliacha jina lenyewe. Na siku hizi wapo wanaoteka jarida halali: wanatengeneza tovuti yenye jina lilelile na namba ileile ya ISSN, kisha wanakusanya ada. Jarida la Kiafrika lenye tovuti duni ndilo rahisi kutekwa. Njia salama ni kuingia kupitia ukurasa wa idara ya chuo, taasisi au mchapishaji, au kupitia AJOL, hazina ya majarida ya Afrika iliyopo tangu mwaka 1998, badala ya kubonyeza kiungo kilicholetwa kwa barua pepe.

Kwa sayansi ya siasa ipo dalili moja kubwa ambayo wenzetu wa tiba hawana. Katika tiba na sayansi asilia, ada ya uchapishaji ni jambo la kawaida hata kwa majarida mazuri. Katika fani yetu, majarida mengi mazuri hayamtozi mwandishi senti, isipokuwa yeye mwenyewe akitaka makala yake iwe huria tangu siku ya kwanza. Mengine ni huria na bado hayatozi, kama Africa Development, na kama Africa Spectrum la taasisi ya GIGA ya Hamburg. Review of African Political Economy lenyewe liliachana na mchapishaji wake wa kibiashara mwaka 2024 ili lisomwe bure. Ada ya maelfu ya dola ikitajwa na mchapishaji mkubwa, mwandishi aliyeko Tanzania aulize kuhusu msamaha. Wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi zilizomo katika mpango wa Research4Life, na Tanzania imo. Kwa hiyo jarida la siasa linalodai malipo kabla mtu yeyote hajasoma makala lina mengi ya kueleza.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukipita: jarida hufanya nini likikosea? Desemba 2014 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti wa Michael LaCour na Donald Green kuhusu uwezo wa mazungumzo ya mlangoni kubadili misimamo ya wapigakura. Miezi michache baadaye watafiti vijana, David Broockman na Joshua Kalla wakiwamo, walionyesha kwamba data zake hazingeweza kuwa za kweli. Green mwenyewe aliomba makala ifutwe, na Mei 2015 ikafutwa hadharani kwa maelezo. Fani nzima iliaibika, na fani nzima ikajifunza. Mwandishi atafute kwenye jarida analolifikiria kama kuna masahihisho, majibizano, au ilani za kufuta makala. Jarida ambalo halijawahi kusahihisha chochote kwa miaka kumi linanitia shaka kuliko lile lililokiri makosa.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote kwa anayeandika juu ya mahali padogo ni usalama wa watu waliomwambia habari. Nansio watu wanajuana. Ukiandika kwamba umezungumza na diwani mwanamke wa kata fulani aliyehama chama mwaka fulani, kila anayeshuka kwenye meli bandarini atamtaja jina. Jarida zuri litauliza kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, litauliza watu waliridhiaje, na mhariri wake ataelewa akiombwa kuficha kata au mwaka. Baadhi ya majarida makubwa ya sayansi ya siasa, hasa ya Marekani, sasa hutaka data ziwekwe wazi ili wengine wahakiki. Kwa takwimu za kura hilo ni jambo jema. Kwa maandishi ya mahojiano na wavuvi wa Ilugwa waliolalamikia maofisa, linaweza kuwaponza. Mwandishi asome sera hiyo kabla ya kutuma, amwandikie mhariri na kuomba isitumike kwa mahojiano hayo. Jibu atakalopata litamweleza mengi kuhusu jarida.

Tanzania ina sababu yake ya ziada ya kuwa makini. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 kwa namna iliyoweka hatarini anayechapisha takwimu zinazopingana na za serikali, kisha mwaka 2019 makali hayo yakapunguzwa. Mwaka 2018 pia shirika la Twaweza lilitakiwa na COSTECH kueleza kibali cha kura yake ya maoni kuhusu umaarufu wa viongozi. Mtafiti mwenye kibali halali, mbinu zilizoelezwa wazi na makala iliyopitiwa na wataalamu ana pa kusimama akihojiwa. Aliyechapisha kwenye jarida la ada ya haraka hana, kwa sababu hakuna aliyeikagua kazi yake kabla ya kuchapishwa.

Shinikizo la kuharakisha linatoka vyuoni. Mhadhiri hupanda cheo kwa kuhesabiwa machapisho, na katika mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilitenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Nia ni njema. Shida ni pale kamati inapotazama orodha ya Scopus na kipimo cha wastani wa kunukuliwa, basi. Kipimo hicho kilibuniwa na Eugene Garfield kuwasaidia wakutubi na wenzao kujua majarida ya kufuatilia, na kinapima jarida zima, si makala ya mtu. Tangu Azimio la San Francisco la mwaka 2012, DORA, taasisi nyingi duniani zimekubali kuacha kukitumia kumpima mtafiti. Wajumbe wa kamati zetu za kupandisha vyeo wangefanya kazi ya maana kama wangesoma makala mbili bora za mwombaji, badala ya kuhesabu kumi asizokumbuka hata mwenyewe. Hadi hapo watakapobadilika, kijana wa Nansio atapaswa kuuliza mapema idara yake inatambua majarida gani, akachague miongoni mwa hayo lile lenye mjadala wake.

Majarida yote niliyoyapendekeza yanachapisha kwa lugha za kigeni, hasa Kiingereza, na hilo lina gharama yake kwa watu wa kisiwani. Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe, alikamilisha riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, na ikabidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Kazi inayohusu Ukerewe haipaswi tena kusubiri hivyo ndipo iwafikie wenyewe. Kabla ya kusaini mkataba na mchapishaji, mwandishi aangalie haki anazobaki nazo. Majarida mengi humruhusu kuweka toleo lake lililokubaliwa, lisilo na mpangilio wa mchapishaji, kwenye hazina ya chuo, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Aombe pia kubaki na haki ya kuitafsiri, na ahakikishe imeandikwa humo. Kisha aandike muhtasari wa Kiswahili wa kurasa nne au tano na kuufikisha halmashauri Nansio, kwa madiwani wa vyama vyote, na kwa viongozi wa BMU wa Bwisya na Ilugwa waliompa muda wao. Nao watakuwa na la kujibu, na baadhi ya majibu hayo yanaweza kuwa makali kuliko ya mpitiaji yeyote.